Vifaili Vidogo vya Biharusi

Fundi aliniuliza swali moja tu kabla ya kuipiga window laptop yangu. "Dada, una kitu cha maana humu kwenye C?" Nikamjibu bila hata kuinua macho kwenye simu, "Hamna, picha zangu zote ziko kwenye diski ya nje."

Sikumdanganya. Picha zote 312 za harusi ile zilikuwa kwenye diski ya nje, salama salimini. Kilichokuwa kwenye C ni kazi yangu ya mikesha minne. Sikuwa nimejua kwamba picha na kazi uliyoifanya juu ya picha ni vitu viwili, na kwamba vinaweza kulala nyumba mbalimbali.

Mimi napiga picha za harusi hapa Tanga, upande wa wanawake. Kwenye singo, kwenye hina, kwenye kupamba, mpiga picha mwanamume haingii, na hapo ndipo riziki yangu ilipo. Kazi hii ina masharti yake. Biharusi anakaa mbele ya kamera bila mtandio, nywele zimeachiwa, mikono imechorwa hina na piko hadi viwikoni. Picha hizo siziweki mtandaoni. Nikishazihariri, natoa nakala ndogo za JPG za kuchagulia, nazitia kwenye flash moja, namkabidhi mtu mzima wa familia mkononi, kisha nakala hizo nazifuta kwangu. Wao wakishachagua za albamu, nazitoa kubwa kwa ajili ya mchapaji. Albamu ikitoka, hata zile mbichi nazifuta. Programu ninayohariria ni darktable, kwa sababu ni ya bure na hainilazimishi kupeleka uso wa mtoto wa mtu kokote.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Wiki moja baada ya kukabidhi flash, diski yangu ilikaribia kujaa na nilikuwa na harusi nyingine Jumamosi. Nikamwambia mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na saba, anipunguzie takataka. Kijana ana akili. Akazipanga faili kwa aina, akakuta picha zangu za NEF zimefuatana, na chini yake vifaili vingine 312 visivyofunguka kama picha, kila kimoja kilobaiti chache tu. Akaona ni uchafu wa kompyuta, labda hata virusi. Akavifuta vyote, akamwaga na pipa la takataka. Jumla alipata nafasi isiyofika megabaiti tano. Faili moja tu ya picha yangu ina megabaiti 28 hivi.

Siku chache baadaye laptop ikagoma kuwaka, nikaenda kwa fundi, na hayo ya fundi umeshayasikia.

Nilipoisimika programu upya na kuifungulia folda, biharusi alirudi zambarau. Ukumbi ule ulipambwa kwa taa za LED za zambarau, na mikesha minne niliitumia kumtoa kwenye rangi ile: kuirudishia ngozi dhahabu yake, kuitoa hina kwenye weusi wa lami hadi kwenye wekundu wake, kuvuta macho yaliyozama kwenye kivuli cha ushungi wa shela. Yote yalikuwa hayapo, kana kwamba sijawahi kuigusa picha hata moja.

Bahasha ya mjomba

Ili uelewe kilichopotea, nenda nami kwenye studio ya mjomba wangu pale Ngamiani, enzi za mikanda. Wakati huo hatukusema kuhariri picha, tulisema kusafisha. Mjomba alikuwa na chumba cha giza, na negativi kwake ilikuwa kama mboni ya jicho. Haikukwaruzwa wala haikuandikwa kitu. Alipotaka uso wa mteja utoke mweupe zaidi kwenye karatasi, aliukinga kwa kiganja chini ya taa ya kuchapia kwa sekunde kadhaa, kisha akaandika kwa penseli juu ya bahasha ya negativi: "Sekunde 8, kinga uso 3." Mteja akirudi baada ya mwaka kutaka nakala nyingine, mjomba alisoma bahasha na kurudia vilevile. Na juu ya bahasha zote kulikuwa na daftari kubwa mezani, limeorodhesha bahasha gani ni ya nani na ilifanywa nini. Ukutani nyuma ya daftari aliandikisha kwa rangi ile methali ya wenye maduka: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bahasha ikipotea na daftari likaliwa na mchwa, negativi bado ipo. Lakini ile picha iliyompendeza mteja haipo tena. Mjomba angeanza upya kubahatisha sekunde.

Kamera ya leo inaweza kukupa picha kwa namna mbili. JPG ni picha ambayo kamera imeshaipika yenyewe, ikatia chumvi na kukuletea sahani mezani. Picha mbichi ni kile hasa kitambuzi cha kamera kilichopokea, kabla ya kupikwa. Nikon huandika faili mbichi zinazoishia na NEF, Canon CR2 au CR3, Sony ARW. Ni nzito kwa sababu zimebeba mengi. JPG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, na picha mbichi ya biti 14, kama inavyotoka kwenye D750 yangu ya mtumba, ina ngazi 16,384. Ndiyo maana uso uliozama kizani unaweza kuuvuta ukatoka nao mzima.

Programu za kuhariri picha mbichi zinafuata adabu ya mjomba: karibu zote haziigusi faili yenyewe. Ukiongeza mwanga, ukapunguza zambarau, ukakata pembe, hakuna kinachobadilika ndani ya NEF. Programu inaandika maagizo mahali pengine, na kila unapofungua picha inayasoma na kukupikia upya palepale. Unachokiona kwenye skrini ni negativi pamoja na bahasha yake. Bahasha ikikosekana, unabaki na negativi.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "picha zangu hazikusevu," swali la kweli ni moja: maagizo yako yaliandikwa wapi?

Wapi pa kuyatafuta

Pa kwanza ni daftari. Lightroom Classic, ambayo wengi wetu tunaifahamu na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007, huweka kila kitu kwenye katalogi, yaani faili moja inayoishia na lrcat. Ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, teknolojia ya tangu mwaka 2000 ambayo imo hata kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Uzuri wa daftari ni wepesi. Ubaya wake ni kwamba ni moja: likiharibika au likipotea, limeondoka na harusi za miaka yote.

Pa pili ni bahasha, kifaili kidogo kinachokaa kando ya picha. Kampuni ya Adobe ilileta mtindo wa XMP mwaka 2001, na leo umeenea. Photoshop ikifungua picha mbichi kupitia Camera Raw huandika kifaili cha XMP pembeni. RawTherapee ina chake kinachoishia na pp3. NX Studio ya Nikon hufungua folda ndogo iitwayo NKSC_PARAM ndani ya folda ya picha zako na kuweka vifaili vyake humo. XMP ni maandishi ya kawaida. Ukifungua kile cha Adobe kwa Notepad utaona neno Exposure2012 na namba pembeni yake: huo ndio mwanga uliouongeza, umeandikwa kama mjomba alivyoandika sekunde zake.

Pa tatu ni ndani ya faili yenyewe. Programu ya Canon, Digital Photo Professional, huandika maagizo ndani ya faili mbichi ya Canon, na Adobe ilibuni DNG mwaka 2004, faili mbichi yenye nafasi tumboni ya kubeba maagizo bila kuharibu picha.

Darktable hutumia daftari na bahasha kwa pamoja. Daftari lake, library.db, kwenye Windows hukaa ndani ya C, kwenye folda zilizofichwa za mtumiaji. Bahasha zake hukaa na picha. Kwa hiyo nilikuwa na funguo mbili, na zote mbili nilizitupa mwenyewe: bahasha kwa mkono wa mwanangu, daftari kwa mkono wa fundi. Programu haina kosa hata chembe.

Jambo jingine la kushika ni majina. Picha ikiitwa DSC_0412.NEF, bahasha ya Adobe itaitwa DSC_0412.xmp na ya darktable itaitwa DSC_0412.NEF.xmp. Zinafanana kwa sura lakini usitegemee programu moja iisome bahasha ya mwenzake. Mapishi ya nyumba hii hayaeleweki vizuri kwenye jiko la nyumba ile, na mtu akihama programu asishangae kukuta picha zake zimerudi mbichi.

Maswali ninayouliza simu ikipigwa

Tangu msiba ule, wapiga picha wenzangu wamenifanya mganga. Simu inalia saa nne usiku, sauti inatetemeka. Kabla ya yote nawaambia: usibonyeze kitu, usinakili kitu kipya kwenye diski hiyo, chukua kwanza nakala ya folda nzima kama ilivyo uiweke pengine. Kisha naanza kuuliza, na nauliza kwa mpangilio uleule kila mara.

Unaitazama kwa programu gani? Robo ya simu huishia hapa. Mtu kahariri vizuri, halafu kafungua ile NEF kwa kitazamio cha kawaida cha Windows, au kampelekea mchapaji faili mbichi. Karibu kila faili mbichi imebeba tumboni kijipicha cha JPG ambacho kamera ilikitengeneza wakati wa kupiga, na vitazamio vingi huonyesha hicho. Maagizo yako haviyajui. Ili mtu mwingine aione kazi yako, lazima utoe nakala ya JPG au TIFF, na huko ndiko kupika hasa. Kijipicha hicho ndicho pia kinachowatia watu presha pale picha inapofunguka ikiwa na rangi nzuri, kisha baada ya sekunde inafifia. Hakuna kilichopotea. Uliona kwanza kijipicha cha kamera, kisha programu ikakuwekea mbichi yenyewe.

Ulitokaje? Programu nyingi za kazi hii hazina kitufe cha kusevu kama Word, na watu huichukulia kwamba basi zinajisevu muda wote. Camera Raw haiandiki bahasha mpaka ubonyeze kitufe cha kumaliza au cha kufungua picha, na ukibonyeza kile cha kughairi imetii, imeghairi. RawTherapee huandika pp3 unapoifunga picha au kuhamia nyingine, kwa hiyo umeme ukikatika ukiwa umekaa juu ya picha moja saa nzima, saa hiyo imekwenda na umeme. Programu ya Canon hukuuliza wakati wa kufunga kama uhifadhi, na saa nane za usiku kidole kilichochoka hujibu hapana.

Uko kwenye daftari lipi? Lightroom inakuruhusu kuwa na katalogi nyingi. Mtu kabofya nakala ya akiba ya mwezi uliopita, ikafunguka, ikafanana na ya kila siku, ila kazi ya wiki hii haimo. Vibaya zaidi, akaanza kufanya kazi mpya humo humo. Tafuta kwenye kompyuta nzima faili zote zinazoishia na lrcat, ziangalie tarehe na ukubwa, na mara nyingi ile iliyopotea utaikuta imekaa inakusubiri. Kumbuka pia kwamba Lightroom huandika bahasha pale unapoiagiza: ama kwa Ctrl na S baada ya kuchagua picha, ama kwa kutia tiki kwenye mipangilio ya katalogi ili iandike XMP yenyewe. Na hata ikiandika, makusanyo, nakala za kufikirika na historia ya hatua kwa hatua hubaki kwenye daftari tu. Bahasha haikusamehi kutunza daftari.

Umehamisha au kubadili jina kwa mkono? Ukiibadili DSC_0412.NEF iitwe Asha_Hina_01.NEF kwa kutumia Windows, bahasha yake inabaki na jina la zamani, na programu haina namna ya kujua kwamba hawa wawili ni mtu na ndugu yake. Ukinakili NEF peke yake kwenda diski nyingine, umehamisha mwili ukaacha kivuli. Badilisha majina na hamisha picha ukiwa ndani ya programu yenyewe. Na kama umeshakosea, irudishie picha jina la mwanzo. Mara nyingi bahasha inaitambua papo hapo.

Je, folda hiyo inaandikika? Swali hili watu hawalitegemei. Umehariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya SD, na ule ulimi mdogo wa pembeni umesukumwa kwenye kufuli: kadi inasomeka, haiandikiki. Diski imejaa: vivyo hivyo. Diski imetengenezwa kwa mfumo wa NTFS wa Windows na wewe umeichomeka kwenye Mac: Mac inazisoma picha zote vizuri, lakini yenyewe haiandiki kwenye NTFS. Utahariri usiku kucha bila bahasha hata moja kuandikwa. Kipimo chake ni chepesi. Nenda kwenye folda hiyo ujaribu kutengeneza faili tupu ya maandishi. Ikikukatalia wewe, ilikuwa inaikatalia na programu.

Umeme ulikatika? Kando ya daftari huweza kuwepo vifaili ambavyo majina yake yanaishia na -wal au -journal. Watu huviona na kuvifuta wakidhani ndivyo vinavyozuia programu isifunguke. Usithubutu. Humo ndimo SQLite inamoweka mambo ya mwisho ambayo bado hayajatulia ndani ya daftari, na ukivitenga na daftari lao unaweza kuliharibu lote. Kuna kingine kinachoishia na lock, ambacho Lightroom hukiacha inapokufa ghafla. Hicho ni kufuli tu, na kama una hakika programu imefungwa kabisa unaweza kukiondoa.

Kama majibu yote hayo hayakusaidia na kweli vifaili vimefutwa, basi kasi ndiyo dawa. Kwenye diski za kuzunguka, faili iliyofutwa hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kurejesha faili huweza kuichokonoa. Kwenye SSD nafasi ni finyu, kwa sababu mara nyingi diski huambiwa ijisafishe yenyewe mara tu unapofuta. Mimi nilipofika hatua hii nilikuwa nimeshamimina harusi ya Jumamosi juu ya makaburi ya vifaili vyangu. Programu ya kurejesha ilinirudishia vipande vya wimbo wa taarab na fomu ya mkopo ya mwaka uliopita.

Flash kwenye pindo la kanga

Kilichoniokoa kilikuwa kwenye kitabu cha maelekezo cha darktable, ambacho sikuwahi kukisoma mpaka siku ile ya kilio. Humo imeandikwa kwamba nakala inayotolewa na programu hiyo, kama JPG, kwa kawaida hubeba tumboni mwake maagizo yote yaliyoitengeneza. Unaweza kuichukua JPG hiyo na kuipakia kama bahasha juu ya picha yake mbichi, na maagizo yakarudi yote.

Nakala zangu za JPG nilikuwa nimeshazifuta. Zilikuwepo mahali pamoja tu duniani, kwenye ile flash. Zilikuwa ndogo, pikseli 1,600 kwa upande mrefu, za kuchagulia tu. Ukizichapa kwa pikseli 300 kwa inchi hazivuki sentimita 14. Kwa albamu hazifai kitu. Lakini maagizo hayana ukubwa. Agizo la kuitoa zambarau kwenye ngozi ni lilelile, kwenye picha ndogo na kubwa.

Nikaenda kwa shangazi wa biharusi, mama wa makamo anayeuza nazi, ambaye ndiye niliyemkabidhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Albamu tayari?"

Nikamweleza kwa aibu. Akanitazama, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, na mle, kando ya noti zake, ilikuwamo flash yangu. Hakunipa.

"Hii haitoki humu ndani. Uliniambia mwenyewe nisimpe mtu."

Kwa hiyo nilirudi na laptop na diski, tukakaa mkekani ukumbini kwake. Nikachomeka flash mbele ya macho yake. Familia ilikuwa imechagua picha 60. Nikaifungua ya kwanza, biharusi wa zambarau mwenye mikono ya lami. Nikaichagua, nikaenda kwenye sehemu ya historia ya picha, nikaagiza kupakia bahasha, nikaionyesha JPG yake kule kwenye flash. Skrini ikasita, kisha zambarau ikamtoka usoni.

Shangazi akasogea karibu. "Kumbe alikuwepo. Ulimfunika tu."

Sijapata kusikia maelezo ya picha mbichi yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Tulirudisha 54 namna hiyo, moja moja, mpaka adhana ya magharibi. Sita zilizobaki hazikuwa kwenye flash. Hizo nilizihariri baadaye kwa ombi la biharusi mwenyewe, na nilimtumia WhatsApp. Alinirudishia kwa moyo mkunjufu, lakini WhatsApp ikituma picha kama picha huibana upya na kuyafuta maelezo yote ya ndani. Ningekuwa nimezituma kama dokumenti, zingefika na maelezo yake tumboni. Zile sita nilizipika upya kwa macho na kumbukumbu, JPG ya simu upande mmoja na mbichi upande wa pili.

Ninavyofanya sasa

Siku hizi nikimaliza kikao cha kuhariri, nanakili vitu viwili kwenye flash ya akiba: vifaili vyote vya XMP vya harusi hiyo, na daftari, huku programu ikiwa imefungwa. Bahasha za harusi nzima ni nyepesi kuliko picha moja, kwa hiyo flash ya zamani ya gigabaiti 4 inanitosha kwa miaka. Kwa wenye Lightroom, nawaambia wasilifunge lile dirisha linalouliza kuhusu nakala ya akiba wakati wa kutoka, na wajue kwamba nakala hiyo ni ya daftari peke yake, picha haimo. Kila mwanzo wa mwezi naichukua picha moja ya majaribio, nainakili pamoja na bahasha yake kwenye kompyuta ya dada yangu, naifungua. Ikitoka imesafishwa, nalala. Na yule kijana nimemkalisha nikamfungulia XMP kwa Notepad, akaona namba zilivyopangana. Sasa ndiye mtunza bahasha wangu, na ni mkali kuliko mimi.

Albamu ilichelewa wiki tatu. Nilipoipeleka, shangazi alifuta mikono kwenye kanga, akaiweka magotini, akafungua ukurasa mmoja mmoja bila kusema neno. Kwenye ukurasa wa kumi na nane akasimama. Ilikuwa mojawapo ya zile sita, mikono ya biharusi imekunjuliwa juu ya mto. Akaweka kidole pembeni ya hina.

"Hii," akasema, "uliipika siku nyingine."